Amri ya Herufi Tisa

Mimi ni mwandishi wa habari, si mhandisi, lakini kuna amri moja ya kompyuta ambayo historia yake imenikaa kichwani: CRTBNDRPG. Jaribu kuitamka, ulimi unakwama. Ikate vipande vya herufi tatu tatu, inafunguka. CRT ni "unda", BND ni "unganisha", na RPG ni lugha ya programu ambayo IBM waliitengenezea kazi ya ripoti za biashara, mwishoni mwa miaka ya 1950.

Nyumbani kwake ni AS/400, kompyuta ya biashara iliyozinduliwa Juni 1988 na kutengenezwa Rochester, Minnesota, nchini Marekani. Hii ilikuwa mashine ya mishahara, stoo, ankara na akaunti za benki. Amri yenyewe ilifika mwaka 1994, pamoja na toleo jipya la RPG. Kabla yake watu walitumia CRTRPGPGM. Kazi yake ni mbili kwa mpigo. Kwanza kompaila inasoma msimbo alioandika binadamu na kuugeuza kuwa moduli ya lugha ya mashine. Halafu moduli inaunganishwa kuwa programu inayoweza kuendeshwa. Ukiwa na moduli nyingi, unaziunda moja moja kwa CRTRPGMOD, kisha unazifunga pamoja kwa CRTPGM.

Kwa kompyuta nyingi, safari hii ni ya kwenda tu. Unga haurudi kuwa mahindi. Tena mlaji hana habari na mahindi: msimbo unaweza kufutwa leo, na mishahara ikaendelea kutoka miaka kumi bila mtu kushtuka.

AS/400 ilikuwa tofauti kidogo. Kutokana na muundo uliorithiwa kutoka System/38, ambao jina la Frank Soltis linatajwa sana kila unapozungumzwa, programu haikuongea na prosesa moja kwa moja. Iliongea na tabaka la katikati. Na ndani ya programu iliyokwisha kuundwa, mbali na maelekezo ya prosesa, kulibaki maelezo ya tabaka hilo, yaani kama punje chache zilizoachwa mfukoni pamoja na unga. Programu yenye maelezo hayo ilihesabiwa kuwa bado "inaonekana".

Sasa, maelezo hayo yalikula nafasi, na diski zilikuwa ghali. Kulikuwa na amri ya kuyaondoa: CHGPGM, ukitaja RMVOBS. Wengine waliitumia kuokoa diski. Wauzaji wa programu nao walikuwa na sababu yao: hawakutaka mteja achungulie ndani. Kesho yake programu ilifanya kazi vilevile, kwa hiyo hakuna aliyeona hasara.

Mwaka 1995 IBM wakabadilisha prosesa. AS/400 ikatoka kwenye mfumo wa anwani za biti 48 na kuingia kwenye biti 64, familia ya PowerPC. Programu zilizobaki na maelezo yake zilitafsiriwa upya na mashine yenyewe, bila mtu kugusa msimbo. Zilizonyang'anywa maelezo hayo zilikwama mlangoni. Ilibidi msimbo utafutwe na kukompailiwa upya. Na kama msimbo umepotea, au muuzaji amefunga duka? Hapo unaandika upya, unanunua nyingine, au unabaki na mashine ya zamani.

Ninachokiona hapa ni kwamba uamuzi wa kutupa ulifanywa na mtu mmoja, siku ambayo haukuwa na gharama, na bili ikaja kwa mwingine. Hata kwenye magazeti tunajua mambo haya: habari iliyochapwa inatunzwa, daftari la mahojiano linatupwa, mpaka siku mtu anapouliza, "Hili alilisema nani?"

Kwa hiyo wiki hii uliza ofisini kwenu. Programu inayowalipa mishahara, msimbo wake uko wapi, na anao nani? Akikujibu "inafanya kazi tu", bado hujajibiwa.