Kisukari cha mimba: Kinga ya mwili nayo inahusika

MJAMZITO mnene anapobainika kuwa na kisukari cha mimba, lawama huelekezwa haraka kwenye soda na chai yenye sukari nyingi. Lawama hizo huacha nje sehemu kubwa ya ukweli.

Katika kila ujauzito, homoni za kondo la nyuma hupunguza nguvu ya insulini ili mtoto apate sukari ya kutosha, na kongosho la mama hufidia kwa kutengeneza insulini zaidi.

Kwa mwenye mafuta mengi mwilini, mzigo huongezeka. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hujikusanya ndani ya mafuta na kutoa kemikali za mapambano, ikiwamo iitwayo TNF-alfa, ingawa hakuna maradhi yaliyoingia. Kemikali hizo huikwaza insulini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa kadiri TNF-alfa inavyozidi katika damu ya mjamzito, ndivyo insulini inavyoshindwa kazi. Kondo lenyewe nalo huizalisha.

Mara nyingi mama hasikii dalili yoyote, hivyo kipimo ndicho tegemeo. Kwa kawaida hufanyika kati ya wiki ya 24 na 28. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya mwaka 2013, sukari ya milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula inatosha kuthibitisha.

Asipotibiwa, mtoto huweza kukua kupita kiasi tumboni, na sukari yake kushuka ghafla baada ya kuzaliwa. Mpangilio wa chakula na mazoezi huwatosha wengi. Wengine huhitaji sindano za insulini.