Dola Tatu za Toronto

Katika vitu vyote ambavyo binadamu huuza na kununua, dawa ina hali yake ya peke yake. Mnunuzi wa nguo akiona bei imepanda huweza kungoja sikukuu nyingine. Mnunuzi wa nyama huweza kurudi nyumbani na maharagwe, akala akashiba. Walakini mgonjwa wa kisukari ambaye mwili wake hautengenezi insulini hawezi kungoja wala hawezi kubadili. Akiikosa kwa siku chache, hufa. Kwa hiyo habari ya bei ya insulini si habari ya biashara tu, ni habari ya uhai. Nia yangu katika kurasa hizi ni kueleza jinsi haki ya dawa hii ilivyotolewa kwa dola tatu, na jinsi dawa ile ile ilivyokuja kuwa mzigo uliowavunja watu mgongo katika nchi tajiri kuliko zote duniani.

Yafaa kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa kabla yake. Katika mwaka wa 1889, mjini Strasbourg, wataalamu wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapatwa na kisukari. Hapo ndipo ilipojulikana ya kuwa siri ya maradhi imo ndani ya kiungo kile. Lakini kuijua siri si kuipata dawa. Kwa miaka zaidi ya thelathini baadaye, jambo kubwa ambalo madaktari waliweza kuwafanyia watoto wenye kisukari kikali lilikuwa ni kuwanyima chakula. Daktari Frederick Allen wa Marekani alisifika kwa utaratibu huo wa njaa. Watoto walikonda wakawa ngozi na mifupa, na malipo ya mateso yao yalikuwa miezi michache ya kuishi, au mwaka mmoja au miwili kwa wenye bahati. Mzazi alichagua mtoto wake afe kwa sukari au afe kwa njaa.

Usiku wa tarehe 31 Oktoba 1920, Frederick Banting, daktari kijana wa upasuaji aliyekuwa akiishi katika mji wa London, jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, alisoma makala juu ya kongosho, akapata fikira akaiandika. Akaenda Chuo Kikuu cha Toronto kwa Profesa J. J. R. Macleod, naye akampa chumba cha kazi, mbwa wa kuchunguza, na mwanafunzi mmoja, Charles Best. Wakafanya kazi katika joto la kiangazi cha 1921. Mwisho wa mwaka akaungana nao James Collip, fundi wa kuitakasa dawa. Tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa sindano ya kwanza katika hospitali kuu ya Toronto. Dawa ilikuwa na uchafu, isimfae sana. Tarehe 23 mwezi ule ule alipigwa tena kwa dawa iliyotakaswa na Collip, na sukari yake ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi. Dawa ikapewa jina kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa, kwa kuwa hutoka katika vijisehemu vya kongosho vilivyotawanyika mithili ya visiwa baharini.

Sasa tufike kwenye dola. Banting alisitasita kuitwaa haki ya uvumbuzi, yaani hataza, kwa kuwa aliona haimpasi daktari kujiwekea dawa kuwa mali yake. Wenziwe walikuwa na hoja ya kufaa: tusipoitwaa sisi, ataitwaa mwingine, na huyo atawafungia watu mlango. Basi hataza ya Marekani ilipotolewa katika Januari ya 1923, Banting, Best na Collip waliiuza kwa Chuo Kikuu cha Toronto, kila mmoja kwa dola moja. Kutoa ni moyo, si utajiri. Na hapana shaka moyo wa watu hawa ulikuwa mkubwa. Hawakukusudia kupata faida. Walikusudia kujenga ua, ili asije mtu akaufanya uhai wa wengine kuwa shamba lake.

Chuo kikatoa vibali kwa wenye viwanda, maana dawa ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe wa machinjioni, na chuo peke yake kisingaliweza kuwatosheleza wagonjwa wa dunia. Kampuni ya Eli Lilly ya Indianapolis iliingia katika kazi hiyo tangu 1922. Mwaka huo huo August Krogh, mtaalamu wa Denmark ambaye mkewe, Marie, alikuwa na kisukari, alifika Toronto, akarudi kwao na ruhusa ya kutengeneza insulini. Kutoka katika safari ile ilizaliwa kazi ambayo leo ni ya kampuni ya Novo Nordisk.

Lakini ua ule ulikuwa na mapengo mawili. Pengo la kwanza ni ya kuwa hataza ina umri wake. Ikiisha hailindi kitu tena. Mapema sana, katika mwaka wa 1941, serikali ya Marekani ililazimika kuyashtaki makampuni matatu yaliyotengeneza insulini kwa kosa la kupatana bei. Pengo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Toronto ilitoa haki ya insulini ya kwanza tu. Haikuweza kutoa haki ya insulini ambazo zilikuwa hazijazaliwa. Mwaka wa 1936 Hagedorn wa Denmark alitangaza insulini yenye kukaa mwilini kwa muda mrefu. Mwaka wa 1982 ikaruhusiwa Marekani insulini ya namna ya binadamu, iliyotengenezwa kwa vijidudu badala ya wanyama. Mwaka wa 1996 ikaja iitwayo Humalog, yenye kufanya kazi upesi. Mwaka wa 2000 ikaja Lantus, yenye kutosha mchana na usiku. Kila namna ilikuwa na manufaa yake ya kweli kwa wagonjwa, na kila namna mpya ilikuja na hataza mpya. Zile za kale zikatoweka kidogo kidogo madukani.

Matokeo yake ni haya. Chupa ya Humalog iliyouzwa dola 21 katika mwaka wa 1996 ilifika bei ya dola zipatazo 275 baada ya miaka ishirini na kitu, nayo ni dawa ile ile katika chupa ile ile. Si kwamba kuitengeneza kuligharimu hivyo. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2018 ulikadiria ya kuwa insulini ya namna ya binadamu yaweza kuuzwa kwa faida kwa bei isiyozidi dola 72 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima, na zile mpya kwa bei isiyozidi dola 133. Makampuni matatu, Lilly, Novo Nordisk na Sanofi, yalishika zaidi ya sehemu tisa katika kumi za soko la dunia. Kati ya kiwanda na mgonjwa wa Marekani walisimama madalali wa dawa, watu wapatanao bei kwa niaba ya bima. Dalali alitaka apunguziwe sana. Kiwanda kikapandisha bei ya kutangazwa ili kiwe na kitu cha kupunguza. Mwenye bima nzuri hakuyasikia maumivu. Asiye na bima, asiye na wa kumsemea, ndiye aliyelipa bei kamili. Mwenye nguvu akapunguziwa, na mnyonge akatozwa.

Hapo mgonjwa akaanza kuipima dawa yake kama mtu wa jangwani apimavyo maji. Katika kliniki moja ya Chuo Kikuu cha Yale, waliulizwa wagonjwa, na mmoja katika kila wanne alikiri ya kuwa alitumia insulini pungufu kwa sababu ya gharama. Mwaka wa 2017, katika jimbo la Minnesota, kijana wa miaka 26 alitoka katika bima ya mzazi wake, akawa anaipunguza dawa ili imfikishe siku ya mshahara. Akafa kabla ya kuifikia. Mwaka wa 2019 msafara wa Wamarekani ulivuka mpaka kwenda Kanada kununua insulini kwa bei ndogo. Mji waliouendea ulikuwa London, Ontario, mji ule ule ambao Banting aliandika fikira yake usiku wa Oktoba 1920.

Vilio hivyo havikupotea bure. Mwaka wa 2019 jimbo la Colorado liliweka mpaka wa malipo ya wenye bima. Mwaka wa 2020 Minnesota ilitunga sheria yenye jina la kijana yule. Sheria ya nchi nzima ya Agosti 2022 iliamuru wenye bima ya Medicare, ambao wengi wao ni wazee, wasilipe zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa kila insulini, kuanzia Januari 2023. Katika Machi ya 2023 makampuni yote matatu yalitangaza kupunguza bei, mengine kwa sehemu saba katika kumi au zaidi. Wengine waliita jambo hili huruma. Lakini yatupasa kukumbuka ya kuwa tangu Januari 2024 kanuni nyingine ingaliyatoza makampuni malipo makubwa kwa serikali kama yangaliendelea na bei zile za juu.

Wala habari hii haikuishia ng'ambo. Katika mwaka wa 1992 madaktari wa Dar es Salaam walitoa hesabu ya wagonjwa wao, wakauliza kama ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua katika Afrika. Waliona ya kuwa mgonjwa mwenye kuhitaji insulini aligharimu dola 287 kwa mwaka, na asiyeihitaji dola 103. Na kwa mgonjwa asiyelazwa hospitalini, zaidi ya theluthi mbili za gharama zilikwenda katika kununua insulini yenyewe. Hakuna maarifa yaliyopungua. Dawa ilikuwa imekwisha kujulikana kwa miaka sabini. Kilichopungua ni njia ya kuifikisha kwa mwenye kuihitaji.

Basi tusiwalaumu watu wa Toronto, wala tusiwasifu kupita kiasi kana kwamba kazi ilikwisha mikononi mwao. Walitoa walichokuwa nacho. Kosa ni la wale waliodhani ya kuwa zawadi ikisha kutolewa hujilinda yenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Insulini ilitolewa iwe mali ya watu wote, lakini kwa miaka mingi hapakuwa na mtu wa kulishika daftari lake. Na waliokuja kulifungua mwishowe hawakuwa wavumbuzi, bali wagonjwa wenyewe na mama zao, wakiwa na risiti za dawa mkononi.