Kuopoa: Neno la Kisimani Ndani ya Kipakatalishi

Kiangazi kikikolea, vumbi la Isiolo halina mlango lisioupita. Hulala kwenye vikombe na vitabu, na mwishowe likaziba feni ya kompyuta. Kwa hiyo mafundi wa mtaa wa Wabera huletewa mashine zinazonguruma na kuchemka, wazifungue na kuzisafisha. Yangu ilikuwa mezani kwa mmoja wao, kifuniko cha chini kimevuliwa, brashi inapita, mara parafujo moja ikamponyoka vidoleni ikapotelea ndani. Nilinyoosha mikono niinue mashine niitikise.

"Mwalimu, tafadhali usiitikise," akanizuia. "Imeanguka ndani, lakini tutaitoa."

Nilimwelewa kabisa. Hata hivyo, Kiswahili kina jozi ya vitenzi inayolichora tukio hilo vizuri zaidi. Kitu kinachoanguka unakiona kilipo, unainama unakiokota. Kinachoingia shimoni, majini au chunguni kwa ghafla, kisionekane tena, hicho kimetumbukia. Nacho hakiokotwi. Huopolewa.

Kuopoa ni kukitoa kitu kilichotumbukia mahali ambapo mkono haufiki au haupaswi kufika. Ndoo ikikatika kamba huopolewa kisimani. Wakenya tulilisikia neno hili kwa uchungu baada ya Septemba 29, 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likazama na mama na binti yake. Liliopolewa Oktoba 11. Siku zote hizo taarifa za habari zilikuwa zikieleza jinsi wapiga mbizi wanavyopapasa sakafu ya kivuko, na walipolipata wakalifunga nyaya, likavutwa polepole. Hapo nililielewa neno hili kuliko kamusi yoyote ilivyowahi kunieleza: sehemu kubwa ya kuopoa ni kutafuta, na kuvuta huja baadaye.

Ndivyo alivyofanya fundi wangu. Betri alikuwa ameitenga kabla hajashika brashi, na kichaji kilikuwa kimechomolewa. Hilo ndilo la kwanza, kwa sababu parafujo ni chuma, na chuma hupitisha umeme. Ikilala katikati ya ncha mbili zisizopaswa kukutana, mkondo huvukia hapo, nasi husema imepiga shoti. Kwa mashine yenye umeme, ajali hiyo ndogo yaweza kuunguza ubao mama mzima. Kuitikisa nako huisukuma parafujo chini ya feni au kibodi, mahali pagumu zaidi kuliko ilipokuwa. Akawasha tochi, akaiinamisha mashine upande mmoja kwa utaratibu, akatega sikio.

Neno parafujo lenyewe limesafiri. Tulilipata kwa Wareno, wanaosema parafuso, nalo likakaa pwani karne kadhaa kabla ya skrubu kuja na Waingereza. Mitaani skrubu imeshinda, nami sina ugomvi nayo. Lakini ninapoandika napenda parafujo, kwa kuwa ni neno letu la zamani kwa kitu ambacho bado tunakishika kila siku. Mistari inayoizunguka huitwa hesi. Parafujo za kipakatalishi aghalabu zina kipenyo cha milimita 2 au 2.5.

Na kipakatalishi? Ndani yake mna kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Wengi hulikwepa kwa urefu wake, wakasema laptopu. Mimi nalipenda, maana linakwambia namna ya kukishika.

Sasa kifaa cha kuopolea. Wavutaji maji wa zamani walikuwa na kiopoo, mti mrefu wenye kulabu nchani. Fundi alikuwa na kijiti cha chuma kinachorefuka kama antena, nchani kina sumaku. Alikiita "ile sumaku". Nadhani kinastahili jina la kiopoo, kiopoo cha sumaku tukitaka kukitofautisha, kwa kuwa kazi ni ileile, kulabu tu ndiyo iliyobadilika. Plastiki sumaku haiishiki. Kikitumbukia kipande cha kitufe cha kibodi, kibano chembamba ndicho kitakachokiopoa.

Hapa Isiolo hatuhitaji kueleza sana kisima ni nini. Waborana wana visima virefu viitwavyo tula, ambamo watu hujipanga kuanzia chini hadi juu na kupokezana ndoo mkono kwa mkono. Mjini tunasema Kiborana, Kimeru, Kisomali, Kiturkana na Kisamburu, na karakanani hukutana kwa Kiswahili. Ndiyo sababu nataka Kiswahili hicho kiwe na neno kamili la kazi inayofanyika pale. Nilimwambia fundi, "Hapa unaopoa." Akalirudia mara mbili, kisha akauliza kama laweza kutumika pia kwa picha za mteja zilizopotelea kwenye diski mbovu. Nikamjibu naam, nazo zimetumbukia.

Parafujo tuliikuta kwenye spika ya kushoto. Spika ina sumaku yake, nayo ilikuwa imeinasa kabla yetu. Fundi akainasua kwa kibano, akaipeleka moja kwa moja kwenye tundu lake, akaikaza.