Chipukizi na Jina: Historia ya Kuhifadhi Ndizi katika Nchi ya Beni na Butembo

Historia ya bustani za mimea katika Afrika ya Kati husimuliwa mara nyingi kwa kutaja waasisi wake. Entebbe, ng'ambo ya mpaka, ilianzishwa mwaka 1898. Eala, karibu na Mbandaka, mwaka 1900. Nayo Kisantu ilikuzwa na Bruda Justin Gillet, Mjesuiti. Humo mimea ya mbali ilipandwa, ikajaribiwa, kisha ikasambazwa. Swali letu hapa ni jingine: ni nani aliyehifadhi matunda ambayo wenyeji wa Beni na Butembo walikuwa nayo tayari, hasa ndizi?

Jibu linaanzia katika maumbile ya mgomba wenyewe. Ndizi tulazo hazina mbegu za kupanda. Mgomba huzaliana kwa machipukizi. Kwa hiyo aina ya ndizi haiwekwi akiba ghalani kama maharagwe: ama inatunzwa shambani, ama imetoweka. Mwinuko wa nchi nao umeongeza utajiri huo. Katika joto la Beni hustawi ndizi ndefu za kupika; katika baridi ya Butembo, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,700, hustawi migomba ya nyanda za juu, jamaa ya matoke ya Uganda. Nguma, Musilongo, Kotina, Vuhindi, Vuhembe: majina haya ya ndizi ndefu ndiyo daftari ambalo wakulima walitunzia hazina yao.

Mwaka 1933 serikali ya kikoloni iliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyokuwa na kituo chake kikuu cha utafiti Yangambi. Mazao ya biashara yalitangulizwa, lakini migomba pia ilikusanywa. Ndizi iitwayo Yangambi Km 5, inayostahimili ugonjwa wa madoa meusi ya majani, hata leo inapandwa katika nchi nyingi. Haikusalia kwa kufungiwa uani. Ilisalia kwa sababu iligawiwa.

Hata hivyo, kugawa kuna hatari yake. Mwaka 2001 mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, kisha ukaenea hadi upande wa Beni. Bakteria wake husafiri kwa wadudu, kwa visu, na kwa machipukizi yenyewe. Chipukizi lile lile liokoalo aina ndilo liwezalo kubeba maradhi. Tena, tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamewafukuza wakulima wengi mashambani mwao. Shamba likiachwa, hakuna wa kutunza migomba wala wa kumtajia mtoto jina lake.

Ni kweli kwamba huko Leuven, Ubelgiji, aina zaidi ya 1,500 za migomba zimehifadhiwa katika vichupa vya maabara, na Chuo Kikuu cha Kisangani kimekusanya ndizi za kupika za Kongo. Lakini kichupa hakimfundishi mtu upishi, wala hakimjibu mkulima wa Oicha anayerudi kwake mikono mitupu.

Kwa maoni yetu, bustani ya umma katika nchi hii ingehitaji kuwa mbili, moja Beni na moja Butembo, kwa kuwa mwinuko haufanani. Ingetunza migomba mama iliyopimwa afya, ingeandika jina la kila aina kwa Kinande na kwa Kiswahili, na ingegawa machipukizi safi. Mgomba usiogawiwa hufa na mwenyewe. Jina lisilotajwa hulifuata kaburini.