Seti zilizofukuzwa darasani

"BABU, namba shufwa si ni nusu ya namba zote?" Mjukuu wangu aliniuliza hivyo juzi tukiwa nyumbani Iguhu, nami nikakumbuka miaka ya sabini, enzi ya ile iliyoitwa hisabati mpya.

Mbegu yake huku kwetu ilipandwa Entebbe, Uganda, mwaka wa 1962, wataalamu wa Marekani, Uingereza na Afrika walipokutana kuandika vitabu. Tulichora miduara na kuandika alama za seti bila kuelewa. Wazazi walilalamika ati mtoto anajua seti lakini hawezi kujumlisha bei ya sukari na chumvi. Mwaka wa 1981, Rais Moi akaamuru hisabati hiyo iondolewe shuleni.

Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa la seti. Dhana ililetwa kwa Kiingereza tupu, kana kwamba kwetu haikuwapo. Kumbe ilikuwapo! Nyanya yangu hakuhesabu kuku kwa kidole. Kwake huo ulikuwa mwiko. Asubuhi, kila kuku akitoka, alitia kokoto moja kikapuni. Jioni, kila aliyeingia alitolewa kokoto yake. Ikibaki kokoto, basi kuku kapotea. Hakuhitaji kujua idadi.

Mjerumani Georg Cantor alifanya hivyo hivyo katika karne ya 19, ila kwa seti zisizo na mwisho. Ipe 1 kokoto 2, ipe 2 kokoto 4, ipe 3 kokoto 6, uendelee. Hakuna namba inayokosa kokoto, wala kokoto inayobaki. Kwa hiyo namba shufwa ni nyingi sawa na namba asilia zote. Mjukuu alikataa katakata!

Hapa lugha yetu inatutega. Tukisema mchanga "hauhesabiki", tunamaanisha tu ni mwingi. Katika hisabati, namba asilia hazina mwisho, na bado zinahesabika, maana zinapangika foleni: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zisizohesabika ni namba halisi. Orodhesha desimali zote baina ya 0 na 1 upendavyo. Nitaunda moja inayotofautiana na ya kwanza katika tarakimu ya kwanza, na ya pili katika tarakimu ya pili, vivyo hivyo bila kikomo. Haimo orodhani mwako.

Mjukuu akawaza kidogo, kisha akauliza nyanya angetoa wapi kokoto zote hizo. Nikamwonyesha upande wa Mto Yala.