Kutoka Kibaba hadi Simu: Historia Fupi ya Hesabu za Nyumbani Kakuma



Kamati ya Jumuiya ilipotuomba sisi walimu tuandike juu ya historia ya kambi kwa ajili ya toleo hili la ukumbusho wa Siku ya Wakimbizi Duniani, wengi walitazamia tuandike juu ya vita, safari na mahema ya kwanza. Mambo hayo wazee wetu wanayajua kutushinda. Sisi tumechagua jambo dogo, ambalo kila nyumba hulifanya kila siku na ambalo hatujaliona limeandikwa: namna tulivyokuwa tukihesabu kidogo tulicho nacho ili kifike mwisho wa mwezi. Hesabu hiyo ilianzia kwenye kipimo cha bati, ikapita kwenye kadi, na leo imo ndani ya simu.

Wakati wa kipimo

Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 katika nchi kavu ya Turkana, kaskazini magharibi ya Kenya, walipowasili maelfu ya watoto na vijana waliokimbia vita vya Sudan. Baadaye walikuja Waethiopia, Wasomali, na sisi wa Kongo, Burundi na Rwanda. Katika miaka hiyo chakula hakikutolewa kwa fedha. Mwenye nyumba alikuwa na kadi ya mgao yenye idadi ya watu wake, akapanga foleni, akapimiwa nafaka, kunde, mafuta na chumvi, kisha akabeba mzigo wake mpaka nyumbani.

Kwa hiyo hesabu ya siku zile ilikuwa hesabu ya ujazo. Mama hakuuliza, "Tuna shilingi ngapi?" Aliuliza, "Gunia limebaki wapi?" Sokoni kipimo kilikuwa gorogoro, na nyumbani kilikuwa kikombe. Tunamkumbuka mama mmoja wa mtaa wetu ambaye hakusoma hata darasa la kwanza. Siku ya mgao aliweka kokoto kumi na tano katika kopo, na kila jioni alitoa moja. Kokoto zikibaki saba naye akaona gunia limeshuka chini ya nusu, siku iliyofuata alipunguza kikombe kimoja cha unga. Watoto walinung'unika, lakini nyumba yake haikulala njaa siku ya kumi na nne.

Hata hivyo mgao haukuwa chakula tu. Mashine ya kusaga ilitaka pesa, na sabuni na mboga hali kadhalika. Ilibidi sehemu ya nafaka iuzwe. Hapo ndipo tulipopata hasara tusiyoiona. Tuliuza siku ya mgao, wakati kila mtu anauza na bei iko chini, kisha tukanunua nafaka ileile siku za mwisho, wakati kila mtu anatafuta na bei imepanda. Wenye akili waliuza kidogo kidogo. Wengine tulisema mgao hautoshi, na ilikuwa kweli, lakini tulikuwa tukiupunguza zaidi kwa mikono yetu.

Kidole, laini na namba ya siri

Mwezi wa Machi mwaka 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, na mtu wa Nairobi akaweza kumtumia ndugu yake fedha kwa simu ndogo. Kwetu sisi jambo hilo lilikuwa na mlango mwembamba. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, na wengi wetu hatukuwa na kitambulisho kinachokubaliwa. Baadhi waliomba rafiki raia awasajilie kwa jina lake. Laini ilipopotea, au rafiki alipohama, fedha zilikuwa na mwenyewe mwingine mbele ya sheria. Ndugu walioko Marekani na Kanada waliendelea kutuma kwa njia za zamani, mojawapo ikiwa hawala za Wasomali.

Mwaka 2013 alama za vidole zilianza kutumika katika vituo vya mgao. Kisha mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianzisha Bamba Chakula. Kila nyumba ilipewa laini yenye namba ya siri. Badala ya sehemu ya nafaka, kiasi cha shilingi kiliingia katika laini hiyo, nasi tukanunua chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa, wakimbizi wenzetu na wenyeji wa Turkana. Fedha hiyo haikuweza kutolewa taslimu, wala kununua kitu kisicho chakula. Makazi ya Kalobeyei yalipoanza kupokea watu mwaka 2016, huko karibu mgao wote ulitolewa kwa njia hiyo, shilingi 1,400 kwa kila mtu kwa mwezi. Kuanzia mwaka 2019 familia za Kalobeyei zilianza kuhamishiwa kwenye Bamba Chapaa, yaani fedha zinazoingia katika akaunti ya benki na ambazo mwenyewe hutumia apendavyo.

Tuifanye hesabu hiyo kama tungeiweka ubaoni. Nyumba ya watu watano ilipata shilingi 7,000. Zigawe kwa siku 30, utapata shilingi 233 kwa siku, yaani shilingi 46 na kitu kwa kila mtu, pamoja na kuni za kupikia iwapo fedha ni za matumizi huru. Mtu aliyezoea kutazama gunia sasa alitakiwa kuona kitu kisichoonekana kwa macho. Gunia likipungua hata mtoto huona. Salio likipungua, haoni mtu mpaka siku ya aibu dukani.

Laini iliyolala dukani

Aibu hiyo ilizaa desturi mbaya, nasi tunaiandika hapa kwa sababu historia isiyotaja makosa yetu haitatusaidia. Fedha zilipokwisha kabla ya mwezi, watu walichukua chakula kwa mkopo, na wako walioacha laini yao dukani kama rehani, pamoja na namba ya siri. Siku fedha ilipoingia, mwenye duka alijilipa mwenyewe, kisha akatoa chakula kilichobaki kwa bei yake. Hatusemi wenye maduka wote walikuwa wadanganyifu. Wengi walituvusha siku ngumu, na wao pia walikuwa wakidaiwa na waliowauzia kwa jumla. Lakini mtu ambaye laini yake iko kwa mwingine hajui alipokea kiasi gani, hajui anadaiwa kiasi gani, wala hawezi kwenda duka la jirani lenye bei nafuu. Yule mama wa kokoto hakujua kusoma, lakini kopo lake lilikuwa mikononi mwake.

Simu janja, na kosa la nyumbani kwetu

Leo katika nyumba nyingi, pamoja na ile simu ya mulika mwizi, iko simu janja moja, aghalabu ya kijana, au zawadi kutoka kwa ndugu aliye ng'ambo. Ya kwetu tuliletewa na kaka. Wakati huo malipo yetu ya ualimu yalikuwa yakiisha wiki ya tatu, na tulikuwa tumekwisha kumshuku mdogo wetu tunayemtuma dukani. Usiku mmoja tulifungua ujumbe wote wa M-Pesa wa mwezi ule, tukauandika mmoja mmoja katika daftari. Kila ujumbe hutaja kiasi, tarehe, ada iliyokatwa na salio. Tuliona tumekwenda kwa wakala mara kumi na moja, kila mara kwa shilingi 200 au 300. Ada ya kutoa shilingi 200 ni ileile ya kutoa shilingi 2,000. Tulikuwa tumelipa ada kumi na moja mahali ambapo mbili zingetosha. Tulijumlisha pia muda wa maongezi wa shilingi 20 kila siku, ambao ni shilingi 600 kwa mwezi, na kuchaji simu kwa shilingi 20 kila baada ya siku moja, ambayo ni shilingi 300. Jumla yake ni 900. Kwa hesabu ile ya Kalobeyei, hicho ni karibu chakula cha siku nne cha nyumba ya watu watano. Mwizi tuliyemtafuta alikuwa sisi wenyewe. Asubuhi tulimwomba mdogo wetu radhi, na haikuwa rahisi kwa mwalimu.

Tangu hapo tumefuata mambo machache, ambayo tunawapa wenzetu jinsi yalivyo:

1. Kila Jumapili jioni tunasoma ujumbe wa juma zima mbele ya watu wote wa nyumba, na kuandika safu nne: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Anayetaka ataandika katika programu ya simu. Sisi tunaandika katika daftari, kwa kuwa daftari halihitaji chaji.

2. Tunatoa fedha mara mbili tu kwa mwezi, na ya chakula hutengwa siku hiyohiyo.

3. Tukichukua kitu kwa mkopo, tunapiga picha ukurasa wa daftari la mwenye duka, naye akiona. Hakuna tena ubishi wa "ulichukua kilo mbili" na "nilichukua moja". Kazi hii haitaki intaneti wala gharama yoyote. Kina mama wa likelemba, au chama kama wanavyosema Wakenya, nao wameanza kupiga picha orodha yao ya michango kila wanapokutana.

4. Kijana anayemsomea bibi ujumbe wake asome kwa sauti mbele ya shahidi, na namba ya siri abonyeze bibi mwenyewe.

5. Mkopo wa papo hapo wa simu tunauhesabu kama deni la dukani. Kwa kuwa hauna uso wa mtu, ni rahisi kuusahau, lakini fedha ikiingia ndio unaolipwa kwanza. Michezo ya kamari ya simu hatuna haja ya kuieleza. Kila mtaa una kijana aliyepoteza fedha ya unga.

Mambo ambayo hesabu haiwezi

Tusidanganyane, ndugu. Mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipopungua, mgao wa wakimbizi nchini Kenya ulishuka mpaka asilimia 28 ya kipimo kamili, malipo ya fedha yakasimama, na baadaye katika mwaka huo familia zikagawanywa katika makundi kwa kadiri ya uhitaji. Hakuna daftari wala simu inayoweza kugeuza asilimia 28 kuwa mia. Mtu asimwambie mwenzake mwenye njaa kwamba shida yake ni kutojua hesabu. Hata hivyo, katika miezi ile tuliona kwamba nyumba zilizokuwa na kumbukumbu zilijua mapema siku ambayo chakula kingekwisha, zikapata muda wa kuomba, kukopa kwa masharti ya haki, au kuungana na jirani kupika chungu kimoja. Wale ambao laini yao ilikuwa imelala dukani hawakuwa na muda huo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba somo halijaeleweka mpaka mwanafunzi alifanye mwenyewe. Kwa hiyo tunaomba kila msomaji wa toleo hili, kabla ya mgao ujao, afanye mambo mawili. Kwanza, kama laini au kadi yake iko kwa mtu mwingine, aende na shahidi, waandike deni lililobaki na siku ya kulimaliza, arudi nayo nyumbani, na abadilishe namba ya siri. Pili, afungue ujumbe wa mwezi uliopita na kujumlisha yale madogo. Asiyejua kusoma na asiyejua kujumlisha aje shuleni Jumamosi baada ya saa nane. Tutakuwapo, bila malipo. Aje na simu yake, hata ya mulika mwizi, na daftari la kurasa thelathini na mbili.