Parafujo isiyotaka kulegea: historia iliyojificha kwenye kisu cha kukunja

Chukua kisu cha kukunja kilichokaa msimu mzima kwenye mfuko wa mvuvi wa Wesha au mchuma karafuu wa Mtambile. Pale bapa linapoungana na mpini pana parafujo moja ndogo. Hiyo ndiyo inayoamua kama bapa litazunguka laini, litakaza au litachezacheza. Sasa jaribu kuilegeza. Wapi! Unaongeza nguvu, bisibisi inateleza, kichwa cha parafujo kinalika, na kisu kizima kinakuwa hakitengenezeki tena.

Kwa nini kitu kilichobuniwa ili kifunguliwe kikatae kufunguka? Tuanze na jina lake.

Neno lililokuja na merikebu

"Parafujo" ni neno la Kireno, parafuso. Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498, na nguvu za Wareno kaskazini mwa Ruvuma zilivunjika pale Ngome ya Yesu, Mombasa, ilipoanguka mwaka 1698. Walituachia maneno kama meza na bendera, na Pemba watu wengi huwahusisha nao hata mchezo wa ng'ombe. Waingereza walipokuja, tukaongeza "skrubu". Kitu kimoja, majina mawili, zama mbili.

Parafujo za zama za Wareno zilikuwa kwenye bunduki na saa, na zilichongwa kwa mkono. Kila moja iliingia kwenye tundu lake tu. Ukiipoteza, fundi akuchongee nyingine. Mambo yalibadilika karibu na mwaka 1800, Henry Maudslay alipotengeneza London mashine ya kukata nyuzi zinazolingana, yaani ile mikato inayozunguka mwili wa parafujo. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, aliyewahi kufanya kazi kwa Maudslay, akapendekeza kipimo kimoja kwa mafundi wote wa Uingereza: nyuzi zenye pembe ya nyuzi joto? Hapana, usichanganyikiwe na neno, ni pembe ya digrii 55. Tangu hapo parafujo ya kiwanda kimoja ikaweza kuingia kwenye tundu la kiwanda kingine.

Kisu kilichelewa

Kisu cha kukunja ni cha kale kuliko haya yote. Kimoja kilichopatikana Hallstatt, Austria, kina zaidi ya miaka 2,500. Lakini kwa karne nyingi bapa lilishikwa na ribiti, kipande cha chuma kilichogongwa kichwa pande zote mbili. Hata kisu cha Opinel, kilichoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1890, kina ribiti mpaka leo. Ribiti haikuahidi kufunguka, kwa hiyo hakuna anayeilaumu. Parafujo iliahidi. Ilimpa mwenye kisu uwezo wa kukifungua, kukisafisha na kukikaza mwenyewe. Visu vingi vya siku hizi vina parafujo ya kichwa cha nyota, Torx, iliyobuniwa mwaka 1967.

Maadui wawili wapendao pasipo hewa

Wa kwanza ni kutu. Utasema, "Mbona changu hakishiki kutu?" Chuma cha aina hiyo kilianza kujulikana mwaka 1913 kupitia Harry Brearley wa Sheffield. Siri yake ni kromiamu, ambayo ikikutana na oksijeni hujenga utando mwembamba unaokinga chuma. Ukikwaruzwa, utando hujirudisha, ilimradi hewa ipo. Ndani ya tundu la parafujo hewa ni haba. Upepo wa Pemba nao umejaa chumvi, na kloridi iliyomo huvunja utando huo. Kutu ikianza, huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholika. Mahali palipobana vile, hiyo ni kabari.

Wa pili ni gundi. Mwaka 1953 Vernon Krieble, profesa wa kemia huko Hartford, Marekani, alitengeneza gundi iliyokuja kuitwa Loctite. Hubaki majimaji ikiwa na hewa, na huganda ikikosa hewa katikati ya vyuma. Ilikusudiwa kuzuia parafujo kulegea kwa mtikisiko, na viwanda vingi vya visu huitumia.

Basi ufanye nini?

Tambua adui kwanza. Ukiona rangi ya kahawia kandokando ya kichwa, ni kutu: tia mafuta mepesi ya kupenya, uache yafanye kazi usiku kucha. Kisu kikiwa kipya na kikavu, shuku gundi: mafuta hayatasaidia kitu, inataka joto. Gusisha kichwa cha parafujo kwa kile chuma cha moto cha fundi redio kwa dakika moja hivi, kisha fungua kabla hakijapoa. Angalia mpini wa plastiki usiyeyuke.

Kwa vyote viwili, kunja kisu, safisha uchafu ndani ya kichwa, tumia bisibisi inayojaa barabara, na ukandamize chini kuliko unavyozungusha. Kaza kidogo kwanza, kisha legeza. Ule mtikiso mdogo hupasua kutu. Kama parafujo inazunguka tu bila kutoka, shika upande wa pili.

Ikishatoka, isafishe, uipake mafuta. Wajapani hutunza panga zao kwa mafuta yanayoitwa choji, yaani karafuu: ni mafuta ya madini yaliyotiwa kiasi kidogo tu cha mafuta ya karafuu. Kinachozuia maji na chumvi ni mafuta ya madini, karafuu inaleta zaidi harufu. Kwa hiyo hata ukikaa jirani na kiwanda cha makonyo cha Wawi, tone la mafuta ya cherehani linatosha. Lirudie kila baada ya wiki chache, maana chumvi ya Pemba haiendi likizo.